Daktari Bingwa wa Uzazi Hutoka Wapi?

 

Juzi kliniki mama mmoja mjamzito aliniuliza, "Sista, huyu kijana aliyenipima ni daktari kweli, au bado anasoma?" Swali lake ni zuri, na jibu lake lina historia.

Zamani bibi zetu walizalishwa nyumbani na wakunga. Daktari bingwa wa uzazi alikuwa mgeni aliyesomea Uingereza, na chuo cha mabingwa hao kilianzishwa London mwaka 1929. Kwa vijana wetu, mafunzo ya udaktari yalianza Makerere, Uganda, katika miaka ya 1920. Mkenya alisafiri hadi Kampala kuupata udaktari, na akitaka ubingwa, ilimbidi avuke bahari.

Mwaka 1967 Nairobi ilifungua shule yake ya udaktari, na katika miaka ya 1970 ikaanza kufunza mabingwa hapa hapa nchini. Wodi ya leba ikawa darasa. Walimu hao pia walifanya utafiti. Mwaka 1981 Profesa Japheth Mati na wenzake waliwafuatilia akina mama waliojifungua jijini Nairobi, wapate kujua ni watoto gani wanaopotea na kwa nini.

Mwaka 2017 kilizinduliwa chuo cha pamoja cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kiitwacho ECSACOG. Humo daktari husomea ubingwa akiwa kazini hospitalini.

Sasa tuhesabu, mama. Miaka 6 ya chuo kikuu, mwaka 1 wa mazoezi chini ya wakubwa wake, kisha miaka 4 hivi ya ubingwa. Jumla ni kama 11. Anayetaka kuwa mhadhiri, na baadaye profesa, huongeza miaka mingine ya kufundisha na kutafiti.

Kwa hivyo yule kijana huenda ni daktari kamili anayesomea ubingwa. Muulize kwa upole: jina lako nani, na nani anakusimamia? Kama ni mwanafunzi, ni haki yako kukubali au kukataa. Lakini ukikubali, unamfunza atakayemzalisha binti yako.

Jambo la mwisho. Mabingwa bado ni wachache, basi usimngojee bingwa nyumbani. Ukitokwa na damu, ukiumwa sana na kichwa na macho yakaona kiwi, ukipatwa na degedege, au mtoto akiacha kucheza tumboni, nenda kituo cha afya kilicho karibu mara moja. Wa Likoni, usingoje usiku uingie ndipo uanze kufikiria feri. Muuguzi atakupima na kukupeleka mbele ikihitajika.

Mwambie na jirani yako.