Jiwe la Iceland na Mawimbi ya Huygens

Ukishuka kituo cha treni cha Voorburg, nje kidogo ya The Hague nchini Uholanzi, nyumba ya Hofwijck iko hapo hapo, imezungukwa na maji. Aliyeijenga ni Constantijn Huygens, mshairi na mwanadiplomasia, ili apate mahali pa kupumzika kutokana na shughuli za serikali. Mwanawe Christiaan, aliyezaliwa mwaka 1629, ndiye aliyegundua Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, tena ndiye aliyebuni saa ya pendulamu. Kwangu mimi, kazi yake kuu ni kitabu chake kuhusu mwanga.

Njia ya kitabu hicho inapitia Copenhagen. Huko, mwaka 1669, Erasmus Bartholin alichapisha habari za jiwe angavu la kutoka Iceland: ukiliweka juu ya maandishi, kila herufi unaiona mara mbili. Miaka 7 baadaye, Mdenmark mwenzake Ole Rømer, akiwa Paris, alifuatilia kupatwa kwa mwezi mmoja wa Mshtarii, akaonyesha kwamba mwanga huchukua muda kusafiri.

Basi, Huygens akasema, kama mwanga huchukua muda, unasambaa kwa mawimbi, kama sauti. Kila nukta inayofikiwa na wimbi huzaa kiwimbi kipya, na viwimbi hivyo vikiungana hujenga wimbi linalosonga mbele. Kwa hoja hiyo alieleza namna mwanga unavyopinda ukiingia majini. Hata jiwe la Iceland alilieleza: ndani yake husambaa mawimbi ya aina mbili, moja la duara kamili, jingine lililobonyea.

Lakini alipoupitisha mwanga uliotoka katika jiwe hilo kwenye jiwe la pili la aina hiyo, ulifanya mambo yasiyoelezeka kwa nadharia yake. Hakuficha. Aliandika wazi kwamba sababu hajaipata, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi.

Aliwasomea wanazuoni wa Paris kazi hiyo mwaka 1679, kisha ikachapishwa Leiden mwaka 1690, miaka 5 kabla ya kifo chake. Jina kubwa la Newton, aliyeshikilia kwamba mwanga ni chembe, likaifunika kwa zaidi ya karne, mpaka Thomas Young na Augustin Fresnel walipoyarudia mawimbi.

Nadharia hizo mbili zilitofautiana kwa jambo linalopimika. Kwa Newton, mwanga huongeza kasi ukiingia majini. Kwa Huygens, hupunguza. Mwaka 1850, Léon Foucault alipima mjini Paris, akakuta unapunguza. Huygens alikuwa amesema kweli.