Bundi Kati ya Majani

Watu wengi wakiona ndege katika pambo la kitabu cha zamani, hudhani fundi alimweka pale kwa kujaza nafasi tu. Sisi hatukubali.

Yapata mwaka 1440, katika nchi za mto Rhine, aliishi fundi ambaye jina lake limepotea. Wataalamu humwita Bwana wa Karata, maana alichora karata za kuchezea. Mahali pa kopa na shupaza yeye aliweka maua, kulungu, wanyama wakali, watu wa mwituni, na ndege. Tena mapambo yafananayo sana na picha zake yamo pembezoni mwa Biblia kubwa iliyoandikwa kwa mkono mjini Mainz, miaka ya 1452 na 1453. Toka mchezo wa karata hata Kitabu Kitakatifu!

Ilikuwaje? Kazi hii ilizaliwa kwa wafua dhahabu. Fundi huchimba mistari katika bamba la shaba kwa chuma chenye ncha kali, hujaza wino katika mistari, hufuta juu, kisha hugandamiza karatasi yenye unyevu. Bamba moja hutoa karatasi nyingi, na kila karatasi yaweza kwenda mji mwingine kuwa kielelezo cha mafundi wengine.

Martin Schongauer wa Colmar, aliyekufa mwaka 1491, alikuwa mwana wa mfua dhahabu. Katika pambo lake moja la majani yaliyojisokota amemweka bundi, na ndege wa mchana wamemzunguka kumdhihaki. Bundi, ambaye kwetu hakuna apendaye kumsikia juu ya paa! Vitabu vya kale vya wanyama vilisema bundi ni mfano wa mkosefu apendaye giza. Lakini picha nyingine ya Wadachi, ya karne ya 16, inasema kinyume: ndege wanamchukia kwa wivu. Schongauer hakuandika neno. Sisi tukitazama tunamhurumia bundi.

Israhel van Meckenem, mfua dhahabu wa Bocholt, alinakili picha nyingi za Schongauer na kutia alama za jina lake mwenyewe. Tusiharakishe kumwita mwizi: vielelezo hivyo vilifanywa vipate kuigwa. Vilishikwa mezani pa kazi, vikachakaa, vikatupwa. Kwa hiyo vilivyobaki ni vichache.