Kinga ya Maradhi baina ya Tawakkul na Sababu: Kutoka Amwas hadi Rufiji

  

Katika misikiti ya Kibiti, Ikwiriri na vijiji vya delta ya Rufiji, suala la chanjo mara nyingi humfikia imamu kabla halijafika zahanati. Huliuliza anayejiandaa kwenda Hijja, aliyeambiwa kuwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sharti la safari na kwamba ile ya mafua ya msimu inapendekezwa. Huliuliza mtoto wa mzee mwenye pumu au kisukari. Chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto nchini Tanzania, hivyo anayeitaka hana budi kuamua mwenyewe na kuitafuta. Hapo ndipo swali linapozuka: je, kuitafuta ni upungufu wa tawakkul, au kuiacha ni uzembe?

Ndugu msomaji, swali hili si geni. Waislamu wamelikabili tangu zama za masahaba, na watu wa Rufiji nao walilikabili kwa sura nyingine, wakalipa gharama kubwa.

Umar (r.a.) arudi kutoka Sargh

Mwaka wa 18 Hijria tauni iliingia Sham, ikajulikana kwa jina la Amwas. Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa njiani kuelekea huko. Alipofika Sargh akapewa habari. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, wakakhitalifiana. Akawataka shauri wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka, nao kwa kauli moja wakamshauri arudi na watu. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kuwa wanaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja yenye majani na nyingine kavu: popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari ya Allah. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.) na hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayokataza kuingia nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akarudi.

Mkulima wa Rufiji anaufahamu mfano huo bila ya sherehe ndefu. Hujenga dungu juu ya nguzo shambani kwa kuwa anajua mto hufurika, na maji yakipungua hupanda mazao ya mlao kwenye udongo ulioachwa na unyevu. Hakuna anayemwambia kuwa kupandisha dungu ni kumkosea Mola imani.

Sababu tatu za Imamu Ghazali

Wako wanaosema kuwa wapo wema waliotangulia walioacha dawa. Hilo ni kweli. Imamu Nawawi, katika Al-Majmu', anaeleza kuwa kujitibu kunapendeza, na kwamba anayeacha kwa kutawakali ana fadhila. Hutajwa pia hadithi ya mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka kifafa. Mtume (s.a.w.) alimpa hiari: asubiri apate Pepo, au amuombee dua apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asiwe akifunuka anapoanguka. Lakini tuzingatie kuwa maradhi yake hayakumpata jirani. Subira ilikuwa yake na mzigo ulikuwa wake. Ama penye maradhi ya kupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, Mtume (s.a.w.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima.

Imamu Ghazali, ambaye naye ni katika wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi'i yanayofuatwa na watu wa pwani yetu, alizigawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu katika Ihya. La kwanza ni sababu ya yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuiacha hiyo si tawakkul, na penye hofu ya mauti ni haramu. La pili ni sababu ya dhana yenye nguvu, kama tiba za matabibu zilizozoeleka. Kuitumia hakupingani na tawakkul, na kuiacha si haramu kwa kila mtu. La tatu ni sababu ya kudhaniwa tu, isiyo na msingi wa kutegemewa, na hiyo mwenye kutawakali huiacha. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama dawa inaruhusiwa, ni lazima tuulize iko fungu gani.

Maji ya Ngarambe

Nchi ya Rufiji ina somo lake katika fungu hili la tatu. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alianza kugawa maji yaliyosemekana kuwa yatamkinga mtu na risasi za Wajerumani. Watu walikwenda Ngarambe kwa makundi. Dhuluma waliyokuwa wakiipinga ilikuwa ya kweli: kodi, viboko, na kulazimishwa kulima pamba. Mwishoni mwa Julai 1905 vita vikaanza katika vilima vya Umatumbi. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Tarehe 30 ya mwezi huo maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakakutana na bunduki za rashasha. Vita pamoja na njaa iliyofuata viliua watu wengi mno. Wajerumani walitaja 75,000, na wanahistoria waliokuja baadaye wamekadiria hadi 250,000 au 300,000.

Hatutaji haya kwa kuwadharau wazee wetu. Ushujaa wao ni urithi wa taifa. Ila maji yale hayakuwahi kupimwa. Yalipokewa kwa sababu ya heshima ya aliyeyatoa na uchungu wa waliyoyapokea, na yaliposhindwa ikasemwa kuwa mtumiaji amevunja mwiko. Mwenye kudai kinga lazima aulizwe: wangapi waliitumia, na walikuwaje baada ya hapo? Swali hili linamuhusu mtoa hirizi, na linamuhusu mtengeneza chanjo vilevile. Imani isiyouliza na shaka isiyouliza ni ndugu.

Ndui na mkono wenye kovu

Chanjo ya ndui iliulizwa swali hilo na ikajibu. Mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza, aliwaona wanawake wa Istanbul, mji mkuu wa dola ya Kiislamu ya Uthmaniyya, wakichanja watoto kwa usaha wa ndui nyepesi. Mwaka uliofuata akamchanjisha mwanawe. Huko Boston, kabla ya mwaka 1721, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, kwa jina Onesimus, alikuwa ameshamweleza bwana wake kwamba kwao watu huchanjwa hivyo. Mwaka 1796 Edward Jenner akatumia ndui ya ng'ombe, yenye hatari ndogo zaidi. Lugha yetu nayo ni shahidi. Neno chanjo linatokana na kuchanja, yaani kukata ngozi, kitendo ambacho Waswahili walikijua kabla sindano haijafika.

Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Oktoba 1977 katika mji wa Merca, pwani ya Somalia. Alikuwa Muislamu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa hajachanjwa kwa kuwa aliogopa maumivu ya sindano. Akapona. Baadaye akawa anazunguka kuwahimiza wazazi wawachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwaeleza yaliyompata, na alifariki kwa malaria mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ndui imetoweka. Wazee wenye kovu la chanjo hiyo mkononi bado tunao, na wajukuu zao hawalihitaji.

Mafua yako fungu gani?

Homa ya mafua makali si kamasi za siku mbili. Ile ya mwaka 1918 ilifika Afrika ya Mashariki kwa njia ya bandari, wakati watu wamechoshwa na Vita Kuu vilivyopita hata Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilimalizwa ndani ya delta Julai 1915. Duniani inakadiriwa kuwa homa hiyo iliua watu wapatao milioni 50. Hapakuwa na chanjo. Virusi vya mafua ya binadamu vilitambuliwa mwaka 1933, na chanjo ikaanza kutumika katika miaka ya 1940. Hata leo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mafua ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa maradhi ya kifua.

Inafaa kusema ukweli kuhusu chanjo yake. Haifanani na ya ndui. Virusi hivi hubadilika, hivyo chanjo hurekebishwa kila mwaka na kinga yake haidumu. Katika miaka ambayo inaoana vyema na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua hadi kumuona daktari kwa takriban asilimia 40 hadi 60. Aliyechanjwa anaweza kuugua, ila kwa kawaida anaepushwa zaidi na hali mbaya. Kwa mizani ya Ghazali hii si sababu ya yakini kama mkate, wala si ya kudhaniwa tu kama maji ya Ngarambe. Ni dhana yenye nguvu iliyojengwa juu ya kuhesabu. Na kuhesabu huko si jambo la ugenini. Tangu 1998 kaya za Rufiji zimekuwa zikitembelewa na wataalamu wa afya kuandika vizazi na vifo, ili ijulikane ni nini kinaua na ni nini kinaokoa.

Hukmu na uamuzi

Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah, katika azimio lake namba 67 la mwaka 1992, lilieleza kuwa asili ya kujitibu ni kuruhusiwa, na hukmu hubadilika kwa hali na watu. Huwa wajibu ikiwa kuacha kutaleta kifo au ulemavu, au ikiwa madhara ya maradhi yatawapata wengine. Huwa sunna ikiwa kuacha kutadhoofisha mwili bila ya kufika hapo. Huwa mubaha pasipo na hali hizo, na makuruhu ikihofiwa dawa kuleta madhara makubwa kuliko maradhi. Liliongeza kuwa mwenye mamlaka anaweza kulazimisha tiba katika baadhi ya hali, kama maradhi ya kuambukiza na chanjo za kinga.

Kwa msingi huo, kijana mwenye afya anayevua katika mikoko, asiyekaa na mgonjwa wala mzee, chanjo ya mafua kwake ni mubaha na hapaswi kulaumiwa akiiacha. Mzee, mjamzito, mwenye maradhi ya moyo, kisukari au pumu, inampendeza. Hujaji naye inampendeza, kwani anakwenda kubanana na mamilioni na kurudi nyumbani na alichokibeba. Muuguzi wa zahanati na anayemlea mgonjwa dhaifu wako karibu zaidi na wajibu, kwa sababu fadhila ya kusubiri si yao kuitoa kwa mwili wa mtu mwingine. Aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo amuulize daktari kwanza.

Ama hofu ya gelatini ya nguruwe, ipo katika baadhi ya chanjo za kupulizia puani, na za sindano kwa kawaida hazina. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kilichobadilika kabisa asili yake, yaani istihala, na wengine wamejuzisha kwa haja. Anayetaka kujiepusha na khitilafu aulize aina, apate ya sindano.

Imamu anapoulizwa, basi, asikimbilie kusema ndiyo au hapana kwa watu wote. Amuulize muulizaji kwanza anaishi na nani, na ni nani atakayepata tabu yeye akiugua.

Wallahu a'lam.