Bibi wa Miaka 79 Aliyepata Mchumba Mazishini

Mtu wa Meru au Embu akisikia kuna filamu ambayo wapenzi wake walikutana kwenye mazishi ya watu wasiowajua, huenda asishtuke. Huku vifo hutangazwa redioni, hema hupigwa, sufuria hutelekwa, na mgeni haulizwi alikuwa nani wa marehemu. Atashtuka akitajiwa umri: bibi yu karibu kutimiza miaka 80, naye kijana ana kama 20 hivi.

Filamu hiyo ni Harold and Maude, iliyotolewa Marekani tarehe 20 Desemba 1971. Mwandishi wake, Colin Higgins, alikuwa mwanafunzi wa filamu katika chuo kikuu cha UCLA, akijikimu kwa kusafisha bwawa la kuogelea la mtayarishaji mmoja wa Hollywood. Mke wa tajiri huyo ndiye aliyesoma hadithi na kuipigia debe. Kazi ya kuiongoza akapewa Hal Ashby.

Harold, mtoto wa nyumba ya kitajiri, hujifanya amejiua ili kumtisha mamaye, na gari alilojinunulia ni la kubebea maiti. Mama amtafutie wachumba, yeye awafukuze kwa vituko vile vile. Maude naye huiba magari bila hata kuona haya. Siku moja anaung'oa mti uliokuwa ukisongwa na moshi mjini, anaupakia garini na kwenda kuupanda msituni. Angefanya hivyo Embu mjini akaupeleka msitu wa Njukiri, askari wa kaunti wangemkamata kabla hajavuka barabara. Katikati ya vichekesho hivyo, kamera inapita haraka juu ya mkono wake wenye namba iliyochanjwa, alama ya waliofungwa katika kambi za Wanazi. Hakuna anayeielezea. Huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote katika kazi ya Ashby: kicheko cha bibi huyu kina historia, na mtazamaji anaachiwa aikisie mwenyewe.

Wahakiki waliiponda na kumbi zikakaa tupu. Ruth Gordon, aliyeigiza Maude, alikuwa na miaka 75. Bud Cort, mchumba wake, 23. Kilichowaudhi wengi hakikuwa pengo la miaka, maana wazee wenye vimwana sinema ilikuwa nao tele. Ni kwamba safari hii mwenye mvi alikuwa mwanamke.

Hapo Mlima Kenya na Hollywood haviko mbali sana. Kwa Wameru, nthuki, yaani rika la waliotahiriwa pamoja, ndiyo iliyopanga heshima kati ya watu, na binti wa mwenzako wa rika alihesabiwa kuwa binti yako. Nje ya mwiko huo, mzee kuongeza mke mdogo halikuwa jambo la kujadiliwa. Bibi kuolewa na kijana wa umri wa mjukuu wake ndilo lililokosa mahali.

Kenya ilipata kisa chake mwaka 2003. Wambui Otieno, aliyepigana upande wa Mau Mau, aliolewa na fundi wa mawe ambaye hakuwa amefika miaka 30. Yeye alikuwa na 67. Magazeti yalishiba. Na kama ilivyo kwa Maude, jina lake lilikuwa limeshafungamana na mazishi: mumewe wa kwanza, wakili S. M. Otieno, alifariki tarehe 20 Desemba 1986, miaka 15 kamili tangu filamu ile itoke. Wambui alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa mochari miezi mitano huku kesi ikisikilizwa. Mei 1987 ukoo ukashinda, naye mjane akasusia mazishi. Wambui alifariki Agosti 2011, akamwacha fundi wake mgane.

Filamu nayo ilifufuka polepole. Katika mji wa Edina, jimbo la Minnesota, ukumbi mmoja uliionyesha zaidi ya miaka miwili mfululizo, hadi wakazi wakaandamana wakidai filamu nyingine. Wanafunzi wa vyuo waliikariri, nyimbo za Cat Stevens zikaibeba, na mwaka 1997 ikaingizwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Maharusi wa namna hiyo wakifika leo mbele ya msajili wa ndoa, Meru au Embu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inadai kila mmoja awe ametimiza miaka 18. Kuhusu pengo kati ya miaka yao, haisemi neno.