Safu ya Lugha: Vanishi si rangi

Wapo wanaosema picha "imepakwa rangi ya vanishi". Vanishi si rangi. Ni utando mwangavu unaopakwa juu ya rangi iliyokwisha kukauka, kuikinga na vumbi na kuikoleza. Wala si polishi, ambayo husuguliwa kwa kitambaa. Neno ni la Kiingereza, ingawa katika karne ya 19 vanishi ya Marekani ilitengenezwa kwa sandarusi, utomvu mgumu wa mti, iliyochimbwa Mrima, pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar, na kusafirishwa kupitia kisiwa hicho.

Utauliza: mbona picha za Tingatinga zinang'aa? Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo huo, alitumia rangi ya mafuta ya dukani, ambayo hung'aa yenyewe. Basi mng'ao pekee hauthibitishi vanishi. Ukiihitaji, taja aina: ya kung'aa hukoleza weusi lakini huakisi taa, isiyong'aa haiakisi.