Wakulima wa Champaran: siku wasomi walipogeuka makarani



Koko wangu, mama ya baba, hakupendaka hata kuona pamba. Alizaliwa karibu na Kasongo, kule Maniema, wakati wa Wabelgiji. Alikuwa anatuambia: "Pamba hailiwi." Kila familia ilipimiwa shamba la pamba, ipende isipende. Monitere alikuwa anapita kukagua, na mtu aliyekataa kulima alifungwa ao alipigwa fimbo. Bei haikupangwa na mkulima. Kilimo hicho cha lazima kiliwekwa na sheria ya utawala mwaka 1917.

Mwaka huohuo, mbali sana na Maniema, kulikuwa wakulima wengine waliolimishwa mumea usioliwa. Ni wale wa Champaran, wilaya ya jimbo la Bihar, kaskazini mwa India, karibu na Nepal. Wao walishinda, na hawakurusha hata jiwe moja. Leo ninataka tuangalie namna walivyofanya, juu ndani ya historia ile kuna kazi ya watu kama sisi, wenye diploma.

Mumea wenyewe ulikuwa nili, majani yanayotoa rangi ya buluu ya kutia kwenye nguo. Sehemu kubwa ya udongo wa Champaran ilikuwa ya matajiri wakubwa wa kienyeji, kama ukoo wa Bettiah, na hao walikodisha vijiji vizima kwa mabwana Waingereza. Kila mpangaji alilazimishwa kupanda nili kwenye katha 3 kati ya katha 20 za shamba lake. Njo maana utaratibu ule uliitwa tinkathia, maana yake "katha tatu". Mara nyingi bwana alichagua pale udongo ni mzuri zaidi, na malipo hayakufuata bei ya soko.

Kiisha, tangu 1897 Wajerumani walianza kuuza rangi ya buluu iliyotengenezwa kiwandani, na bei ya nili ikaanguka. Unaweza kufikiri wakulima walipumzika. Hapana! Mabwana waliwaambia: mukitaka kuachana na nili, lipeni. Wengine walipandishiwa kodi ya shamba, wengine walidaiwa feza nyingi kwa mara moja. Ni kusema hasara ya tajiri ilibebwa na maskini. Kati ya 1907 na 1909 wakulima walijaribu kuasi, na mulikuwa fujo. Serikali ilileta polisi, watu wengi wakafungwa, na tinkathia ikabaki palepale.

Mtu aliyefungua njia nyingine hakuwa msomi mkubwa. Ni mkulima mmoja, Rajkumar Shukla. Desemba 1916 alikwenda mji wa Lucknow, kwenye mkutano wa chama cha Congress, akamtafuta Gandhi. Gandhi alikuwa amerudi kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1915 tu, na hata jina la Champaran hakulijua. Alimwambia Shukla kwamba atakuja siku nyingine. Shukla hakumwachilia. Alimfuata mji kwa mji, mpaka Gandhi akapanga siku. Aprili 1917 wakapanda treni pamoja.

Walipofika Patna, Shukla alimpeleka kwa avoka mmoja mkubwa, Rajendra Prasad. Mwenye nyumba hakuwapo. Watumishi walimwangalia Gandhi, wakafikiri ni mkulima maskini tu, na juu hawakujua ni wa tabaka gani, hawakumruhusu kuchota maji ya kisima. Nyumba ya msomi, kisima cha msomi, na mtu wa shamba anabaki na kiu. Tukumbuke kisima hicho.

Aprili 15 Gandhi alifika Motihari, mji mkuu wa wilaya. Kesho yake alipanda tembo kwenda kuona mkulima mmoja aliyetendewa vibaya. Njiani polisi akamfikia na barua ya serikali: utoke Champaran. Gandhi akaandika kwamba hatatoka. Aprili 18 akasimama mbele ya mahakama, akakubali mwenyewe kwamba amevunja amri, akaomba azabu. Inje wakulima walijaa. Hawakubeba fimbo, walikuja tu kusimama na mtu aliyekuja kwa ajili yao. Hakimu hakujua afanye nini, akaahirisha hukumu. Siku chache nyuma, serikali ikaiondoa kesi.

Ni siku ile woga ulivunjika. Mbele, mkulima aliogopa hata kumtaja bwana wake. Sasa walianza kuja, mmoja mmoja, kusema.

Kazi yetu sisi wasomi ilianzia hapo. Maavoka wa Bihar, pamoja na Rajendra Prasad na Brajkishore Prasad, walikuja kusaidia. Walifikiri labda wataombwa kutetea watu mahakamani. Gandhi aliwaambia kwamba mahakama haitaponya watu waliojaa woga. Yeye alihitaji makarani na watafsiri, juu lugha ya pale hakuijua vizuri. Walikubali. Wakaketi siku nzima, wakaandika maneno ya wakulima maelfu na maelfu. Kila mtu aliulizwa maswali makali, na aliyeonekana anaongeza chumvi hakuandikwa. Mpelelezi wa serikali alikuwa anaketi palepale, na hawakumfukuza. Waliacha pia mambo ya kila mmoja kuja na mpishi wake. Wakala chungu kimoja.

Maandiko yale hayakuweza kuzimishwa. Juni 1917 serikali iliunda kamati ya uchunguzi chini ya Frank Sly, na Gandhi akawa memba wake. Kamati ilikubali kwamba wakulima wana haki. Mwaka 1918 sheria ikaondoa tinkathia. Kodi zilizopandishwa zilipunguzwa, lakini hazikufutwa zote, na wale waliolipa feza kwa mara moja walirudishiwa asilimia 25 tu. Wengine walilalamika: mbona kidogo hivyo? Gandhi aliona kwamba la maana ni bwana kulazimishwa kurudisha, hata kidogo, juu heshima yake ya uongo ilianguka. Mimi ninakubali nusu. Mkulima aliyelipa rupia 100 na kurudishiwa 25 alikuwa bado ameibiwa 75. Lakini kesho yake hakuogopa tena, na ndani ya miaka michache mabwana wa nili waliuza, wakaondoka.

Sasa turudi kwetu. Mwaka nilipomaliza licence, mzee mmoja wa kijiji chetu alinifikia na karatasi ya Kifaransa. Ilihusu shamba alilorithi kwa baba yake. Aliniomba nimusomee tu na kumwandikia jibu. Nilimwambia niko na haraka, arudi siku ingine. Hakurudi. Baadaye nilisikia shamba limekwenda. Sijui kama jibu langu lingeliokoa, lakini ninajua sikuliandika.

Kwetu sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali. Mkulima aliyerithi kwa mila mara nyingi hana karatasi yoyote mkononi, na tajiri anayekuja anakuwa nayo tayari. Karatasi iko katika Kifaransa, mkulima anasema Kiswahili ao lugha ya kwao. Katikati yao kunatakiwa mtu. Mtu huyo ni mimi, ni wewe.

Tunalia kila siku kwamba diploma haituletei kazi, na ni kweli. Lakini avoka wale hawakulipwa kwa kazi ya Champaran, na Rajendra Prasad, mwenye kisima kile, mwaka 1950 akawa rais wa kwanza wa India. Sisemi sisi wote tutakuwa marais. Ninasema mkulima Shukla alitembea mji kwa mji kutafuta mtu wa kumsikiliza. Wa kwetu pia wanatembea, wengine wamekwisha kugonga mlango.

Wewe je, umekwisha kuombwa kusoma karatasi ya shamba la mtu? Ulijibu nini?