Daftari la Ardhi na Shamba Lenyewe

Wazee wetu watakumbuka kwamba zamani, huku Mkoa wa Kati, mtu hakuhitaji karatasi ili shamba lake lijulikane. Ardhi, yaani githaka, ilikuwa ya mbari. Mipaka ilishikwa na miti, na mito, na vichwa vya wazee. Na muhoi aliyekaribishwa kulima alijulikana na wote, yeye na watoto wake.

Mwaka 1954 ukaja mpango wa Bwana Swynnerton wa idara ya kilimo. Ulitaka vipande vya kila mtu viunganishwe mahali pamoja, vipimwe, na mwenyewe apewe hati, apate kupanda mazao ya biashara na kukopa fedha. Hatuna budi kukiri kwamba faida ilikuwako: kahawa, ambayo Waafrika wengi walikuwa wamezuiliwa kuipanda, ilienea, na chai vilevile. Lakini utazameni wakati wenyewe. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, watu wamekusanywa vijijini, na maelfu ya wanaume wamo kizuizini. Aliye kizuizini angesimamaje mpakani aseme, "Hapa ni petu"? Huko Fort Hall, ndiyo Murang'a ya sasa, kazi ilionekana kuwa na kasoro nyingi hata ikabidi irudiwe.

Kwa sheria ya 1959, na ile ya 1963 iliyofuata, jina likaandikwa daftarini, na mara nyingi lilikuwa la mwanamume mmoja. Mke, mjane, ndugu mdogo na muhoi hawakuandikwa, ingawa majembe yao yalikuwa shambani kila siku. Katika miaka ya 1970 mahakama ilipata kuamua kwamba uandikishaji huo ulifuta haki za kimila. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba haki ya ukoo yaweza kukaa juu ya shamba ijapokuwa haikuandikwa. Kati ya hukumu hizo mbili ni wangapi waliofukuzwa!

Basi shamba hubadilika, lakini daftari halibadiliki mpaka mtu aende kulibadilisha. Mzee hufa, wanawe hugawana kwa kamba, wakajenga, wajukuu nao hugawana tena, na jina likabaki la marehemu. Tangu 1967 sheria yataka idhini ya bodi ya ardhi kabla ya kuuza au kugawa shamba la kilimo, na wengi hawaiendei. Huko Kiambu, karibu na Nairobi, kahawa imeng'olewa mahali pengi zikajengwa nyumba za kupangisha.

Kwa sababu hiyo tumefungua kitabu. Humo kila mwanachama ataandika nambari ya shamba la baba yake, jina lililomo daftarini, nani analilima leo, na limepandwa nini. Kitabu kipo kwa mwandishi wetu. Twaomba wazee waliokuwapo mipaka ilipopandwa waandikishe kwanza, maadamu wangali nasi.